Kabla ya Kukataza, Twende Kwanza Tuone

Wengi mlituuliza tulipotoka safari: "Walimu, mlikwenda Nairobi kwa harusi au kwa mbio za magari?" Tulikwenda kwa harusi. Lakini tulikuwa pia na kazi tuliyotumwa na mama mwenzetu, na kazi hiyo ndiyo tunataka kuwasimulia leo.

Mnajua jinsi tunavyoishi Bibokoboko. Hapa mtoto anajua kuchunga ng'ombe kabla hajagusa usukani wa gari. Mgonjwa akizidiwa, tunamlaza kwenye kipoyi, wanaume wanabeba kwa zamu, sisi tunafuata nyuma na maji na nguo. Gari tunalikuta tukishuka Baraka. Kwa hiyo neno "mashindano ya magari" kwetu lilikuwa neno la redioni tu, mpaka siku ile video ilipofika.

Mwalimu mwenzetu mmoja ana kijana Marekani. Kijana huyo aliondoka mlimani akiwa mdogo sana, amebebwa na mama yake mdogo, wakakimbilia Burundi. Walikuwa Gatumba usiku ule wa tarehe 13 Agosti 2004, ambapo zaidi ya watu 150 waliuawa kambini. Wao walipona. Baada ya miaka wakapokelewa Marekani pamoja na jamaa wengine waliobaki hai. Leo ni mwanaume, ana kazi, na kila mwezi anamkumbuka mama yake kwa kitu kidogo.

Siku hiyo mama alipanda kwenye kile kilima chenye rezo, simu ikalia, ikaja video. Ndani yake gari jekundu lenye mdomo mrefu linanguruma, linakata kona mpaka mkia unateleza, moshi unatoka kwenye matairi. Halafu sauti ya mwanawe inacheka: "Mama, ni mimi!"

Mama hakucheka. Alishuka kilima bila kusema neno. Sisi tunajua kwa nini. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya Mboko, na dereva alikuwa akishindana na mwenzake nani atafika wa kwanza. Hapakuwa na kofia, hapakuwa na breki za kuaminika, na ule mchana barabara ilijaa watu waliotoka sokoni. Kwa wiki tatu mama huyu hakupokea simu ya Marekani. Akatuambia: "Mmoja amechukuliwa na mwendo. Huyu wa pili anaufuata mwenyewe, tena anacheka."

Tulipokuwa tunafunga mizigo ya harusi, alituita kando. "Nasikia Nairobi wanafanya mchezo kama ule. Nendeni mkaangalie kwa macho yenu. Mkirudi mniambie ukweli. Msinifariji." Hiyo ndiyo kazi tuliyotumwa.

Njia ya kwenda

Tulishuka Baraka kwa miguu, tukaanza na giza ili jua litukute tumeshafika chini. Kutoka Baraka tulipanda gari la abiria kuelekea Uvira. Wanaoijua njia ile hawahitaji kuambiwa: mkono wa kulia ziwa, mkono wa kushoto mlima, na katikati mashimo. Tulipita Mboko, tukapita Nundu. Pale Mboko tulinyamaza kidogo, kila mmoja akimkumbuka kijana yule wa kwanza. Kabla ya Makobola pikipiki mbili zilitupita zikifukuzana, kila moja na abiria wawili nyuma na hakuna hata mmoja mwenye kaske kichwani. Dereva wetu alipiga honi, wao wakampungia mkono.

Kutoka Uvira tulivuka mpaka, tukapita Gatumba, tukalala Bujumbura. Kesho yake tukapanda basi la kupitia Tanzania. Kobero, Kahama, Singida, Arusha, Namanga. Siku zilikwenda tumekaa, miguu ikavimba, lakini tuliona jambo moja la kutufundisha: kwa sisi wa mlimani, tambarare ya Singida ni kama bahari isiyo na maji. Barabara imenyooka mpaka macho yanachoka. Tukaambiana, "Hapa ndipo mtu anaweza kujua mwendo ni nini."

Nairobi tulifikia kwa ndugu zetu wa Githurai. Harusi ilikwenda vizuri, tunamshukuru Mungu. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada ya asubuhi, tulipanda matatu hadi mjini, halafu nyingine ya barabara ya Ngong, tukashuka karibu na Jamhuri Park. Huko ndiko kila mwaka wakulima wa Kenya wanafanya maonyesho yao makubwa ya mifugo na mazao. Tulijua tumefika kabla ya kuona kitu chochote, maana vumbi jekundu lilisimama juu ya miti kama moshi wa shamba linalochomwa.

Tuliyoyaona uwanjani

Mchezo huo unaitwa otokrosi. Ni mdogo wake rali. Rali inakwenda mbali, kijiji hadi kijiji, msitu hadi msitu, kama ile Safari Rally iliyoanza mwaka 1953 ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Otokrosi haiendi popote. Ni kiwanja kimoja, njia imechorwa kwa mizunguko na kona nyingi, na gari linaanza na kumalizia palepale. Wewe mtazamaji unakaa mahali pamoja na kuliona gari karibu njia yote.

Jambo la kwanza lililotushangaza: magari hayasukumani. Sisi tulidhani tutaona kundi la magari likikimbia pamoja kama ng'ombe wanaokimbilia maji. Hapana. Dereva anaitwa, anasogea kwenye mstari, anaachiliwa kwa zamu yake, anakimbia na saa. Mshindi ni yule ambaye saa yake ni ndogo kuliko za wenzake. Unaweza kumshinda mtu bila kumkaribia hata kidogo.

Jambo la pili: kabla ya kukimbia, gari linakaguliwa. Kulikuwa na fundi mmoja mzee mwenye koti la bluu lililojaa mafuta. Alikuwa anatikisa kila gurudumu kwa mikono miwili, anavuta mikanda ya kiti, anafungua boneti na kuisukuma betri kuona kama imefungwa imara. Kijana mmoja alimwomba, "Mzee, niache tu, nitafunga baadaye." Mzee hakubishana naye. Alisema, "Nenda ufunge, halafu rudi," akageukia gari lingine. Tulipenda sana ule utulivu wake. Mwalimu mzuri wa darasa la kwanza anafanya hivyohivyo.

Jambo la tatu: watu wa bendera. Kwenye kona zimesimama watu wenye bendera, na kandokando kulikuwa na gari la wagonjwa likisubiri, milango wazi. Watazamaji tulikuwa nyuma ya kizuizi. Mtoto mmoja alipojaribu kupita chini ya kamba, gari lililokuwa kwenye mstari halikuachiliwa mpaka mtoto arudishwe. Watu wote walisubiri mtoto mmoja. Tukaangaliana. Tulikumbuka barabara ya Mboko.

Magari yenyewe yalikuwa ya kila namna. Mengine yalitengenezwa kwa kazi hiyo tu, hayana milango wala vioo, ni mabomba na injini. Lakini kulikuwa na Subaru na Toyota za kawaida, zile zile mnazoziona mjini. Kijana mmoja alitufungulia gari lake akaondoa kiti cha mtoto, mwavuli na jozi ya viatu vya kanisani, akaviweka chini ya mti. Jumatatu angelipanda kwenda kazini. Alituambia kwamba magari yanagawanywa kwa makundi: ya magurudumu mawili yanayovuta na ya manne, yenye injini iliyoongezewa nguvu na isiyoongezewa. Gari dogo halilazimishwi kupigana na kubwa. Ni kama tunavyopanga darasa, huwezi kumpa mtoto wa pili mtihani wa mtoto wa sita.

Hata watoto wana makundi yao, wanayaita Bambino na PeeWee. Tulimkuta mama mmoja amepiga magoti kwenye vumbi na sketi yake nzuri, anamfunga mtoto mikanda ndani ya kigari kidogo. Anavuta, anajaribu kwa vidole kama kuna nafasi, anavuta tena. Tulimsalimu, tukajitambulisha kuwa ni walimu wa kutoka Kongo, tukamuuliza kama haogopi.

"Naogopa, mwalimu," alisema. "Lakini akitoka nyumbani na baiskeli yake kwenye barabara yetu naogopa zaidi. Hapa namwona. Kule simwoni."

Kisha akasimama, akashika kamba ya kizuizi kwa mikono miwili, na hakuzungumza na mtu mpaka mtoto aliporudi.

Wanawake si wageni huko

Dada mmoja aliyekuwa anaandika majina mezani alipoona sisi ni wanawake watatu wenye vitenge tumesimama na daftari, alituita tukae naye. Alitupa chai na mandazi. Tulimuuliza kama ule ni mchezo wa wanaume. Akacheka.

Alituhesabia. Miaka ya 1970, Mkenya Orie Rogo Manduli, ambaye mwaka 1964 alikuwa Miss Kenya, aliingia Safari Rally wakati wanawake Waafrika hawakuonekana kabisa kwenye usukani wa mbio. Mwaka 1981 Mfaransa Michèle Mouton alishinda rali ya Sanremo, Italia, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya ubingwa wa dunia wa rali. Miaka miwili baadaye alikuja hapa Afrika Mashariki kwenye Safari Rally akamaliza wa tatu. Na Uganda, mwaka 2011, Susan Muwonge alichukua ubingwa wa taifa wa rali, mwanamke wa kwanza kuupata nchini mwake. Aliwashinda wanaume kwa pointi za mwaka mzima. Hakupewa kikombe cha wanawake peke yao.

"Saa haijui kama wewe ni mama au baba," dada huyo alisema.

Tulimweleza sasa habari ya kijana wetu na gari lake jekundu. Akaomba kuona video. Aliitazama mara mbili, ya pili akaisimamisha, akatuonyesha kitu ambacho mama wa kijana na sisi hatukukiona kabisa kwa sababu ya hofu: kandokando ya gari kulikuwa na vitu vidogo vya rangi ya chungwa vimepangwa kwa mistari. "Hizo ni koni za plastiki. Huyu hayuko barabarani. Hii ni otokrosi ya Kimarekani. Wanafanya juu ya lami, kwenye maegesho makubwa au uwanja wa ndege usiotumika. Mpigieni, mwambieni awaeleze."

Gari lenye misuli na bidoni ya maji

Jioni hiyo, tukiwa Githurai, tulimpigia. Aliposikia sauti zetu alinyamaza. Kisha akauliza, "Mama bado amekasirika?" Tukamwambia, "Tueleze kwanza mchezo wako, halafu tutazungumza habari ya mama." Alitueleza karibu saa nzima, na sisi tuliandika kama wanafunzi.

Gari lake ni Ford Mustang. Aina hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1964, na pamoja na nyingine kama Chevrolet Camaro, Wamarekani wanaziita magari ya misuli, kwa sababu zina injini kubwa kupita kiasi. Yeye alinunua la zamani lililotumika, na ndilo analokwenda nalo kazini na kanisani. Hana gari lingine.

Tulimuuliza alianzaje. Alisema alianza kwa aibu. Rafiki yake wa kazini alimwona akiondoka kwenye taa za barabarani kwa kelele, akamwambia, "Ukitaka kukimbia, njoo mahali pa kukimbilia." Kwa hiyo, wamama, tusifichane: kijana wetu alikuwa ameanza kukimbia barabarani kabla ya kufika kwenye koni. Alikiri mwenyewe.

Siku ya kwanza alifika alfajiri. Alitoa kila kitu kilicholegea ndani ya gari, kuanzia chupa ya maji hadi mazulia ya miguuni, kwa sababu chupa ikiingia chini ya kanyagio la breki gari halisimami. Wakaguzi waliangalia nati za magurudumu, betri, mkanda, breki, na kama kanyagio la mafuta linarudi lenyewe likiachiliwa. Hakuwa na kaske, akaazimwa. Namba yake waliibandika mlangoni kwa karatasi na gundi. Halafu wakatembea kwa miguu njia yote ya koni, mara mbili, mara tatu, kila mtu akinong'ona peke yake: hapa kushoto, hapa punguza, hapa subiri.

Mwalimu mmoja wa kujitolea alikaa kando yake. Neno la kwanza alilomwambia lilikuwa, "Usinunue kitu chochote." Vijana wengi wenye magari ya misuli wanakuja wakitaka kuongeza nguvu, na nguvu ndiyo kitu walichonacho tayari. Mustang inasukumwa na magurudumu ya nyuma. Ukikanyaga mafuta katikati ya kona, nyuma inateleza na gari linageuka kutazama lilikotoka. Cha kuanza nacho ni breki nzima, matairi mazuri yenye upepo wa kutosha, na mikono isiyo na haraka.

Hapo tulimkatiza. "Subiri," tulimwambia. "Hiyo ni bidoni." Akauliza, "Bidoni gani?" Tukamweleza kile ambacho kila mmoja wetu anakijua tangu utoto. Ukibeba mgongoni bidoni ya lita 20 iliyojaa nusu, ukageuka ghafla kwenye njia ya mlima, maji yanakwenda upande mwingine na kukuvuta uanguke. Msichana anayejua kubeba maji anapunguza hatua kabla ya kona, anageuka taratibu, halafu anaongeza hatua njia ikinyooka. Alicheka sana. Akasema kwamba ndivyo mwalimu wake alivyomfundisha, ila ilimchukua miezi kuelewa. "Kumbe mama angeelewa siku ya kwanza!"

Akatueleza hesabu yake, na hii tumeshaifundisha darasa la tano. Kila koni unayoigusa ikaanguka, wanakuongezea sekunde 2. Siku ile alimaliza kwa sekunde 48 na sehemu 3, akashangilia. Lakini aliangusha koni nne. Jumlisha sekunde 8, inakuwa 56 na sehemu 3. Mama mmoja mwenye mvi, mwenye kigari kidogo cha Mazda, alikuja polepole, akamaliza kwa sekunde 51 bila kugusa kitu. Kijana wetu na misuli yake yote alishindwa na bibi. "Siku hiyo," alisema, "nilielewa kwamba sikuwa nimewahi kuendesha gari. Gari ndilo lilikuwa linaniendesha."

Na baada ya zamu yake ya kukimbia, hakuruhusiwa kwenda kupumzika. Kila mshindani anapewa kazi: anasimama kiwanjani kuinua koni zilizoangushwa na wenzake. Ukikimbia, wengine wanakufanyia kazi. Wao wakikimbia, wewe unawafanyia. Kwetu tunauita msaragambo.

Maswali magumu

Hatukutaka kufarijiwa, kama tulivyotumwa. Tulimuuliza habari ya fedha. Alisema kiingilio cha siku moja ni karibu dola 50, na matairi yanakwisha upesi. Tulimkumbusha kwamba hapa shule ya msingi ni bure tangu 2019, lakini wadogo zake wako sekondari na dola 50 wanaijua. Alinyamaza. Kisha akasema ataingia mara chache kwa mwaka, si kila mwezi, na kwamba cha mama kitatoka kwanza. Tuliandika hilo neno kwa neno ili tumsomee mama.

Tulimuuliza kuhusu bima. Akasema ukweli: bima nyingi za gari hazilipi kitu kilichoharibika mashindanoni. Akiligonga, hasara ni yake, na Jumatatu atakwenda kazini kwa miguu. Tulimuuliza kama mtu hawezi kufa kwa mchezo huo. Alisema hawezi kuapa. Alisema anakimbia peke yake bila gari la kugongana nalo, anavaa kaske na mkanda, na mwendo wenyewe ni kama wa barabara kuu ya kawaida, maana koni hazimruhusu zaidi. Lakini gari ni chuma.

Halafu tulimuuliza swali la mwisho, lile la mama: "Na barabarani, bado unakimbia?"

"Tangu nianze koni, hapana. Nikiwa barabarani sasa naona mambo mengi mno. Naona watoto, naona magari yanayotoka pembeni. Zamani nilikuwa sioni kitu, nilikuwa nasikia injini tu."

Kurudi mlimani

Tulirudi kwa njia ile ile. Tulimkuta mama shambani anapalilia. Aliweka jembe chini, tukakaa kwenye majani, tukafungua daftari. Tulimsomea yote, mazuri na mabaya, hata habari ya kukimbia kwenye taa za barabarani. Hapo aliinamisha kichwa. Tuliposoma habari ya bibi mwenye mvi alitabasamu. Tuliposoma habari ya Jamhuri, jinsi watu wote walivyosubiri mtoto mmoja arudishwe nyuma ya kamba, alilia.

"Mwanangu wa kwanza," alisema, "hakuna aliyesimamisha kitu kwa ajili yake."

Siku mbili baadaye alipanda kilima cha rezo, nasi tukamfuata kwa mbali. Hakumsalimu mwanawe kwa maneno mengi. Alimuuliza: "Nati za magurudumu umezikaza? Betri imefungwa? Chupa umetoa?" Kijana akajibu ndiyo kwa kila moja. Mama akasema: "Basi sikiliza. Kwenye koni nimekuruhusu, ila wadogo zako wale kwanza. Barabarani sijakuruhusu, na sitakuruhusu mpaka nife." Kisha wakaanza kuongea habari za nyumbani, ng'ombe aliyezaa, mvua, nani ameoa. Sisi tukashuka, tukawaacha.

Kwa nini tumewaandikia

Wamama, hatujaandika haya ili watoto wetu wakanunue Mustang. Huku gari la namna hiyo lingefia kwenye shimo la kwanza baada ya Baraka. Tumeandika kwa sababu tuna vijana wetu wa pikipiki, na tunawapanda kila siku ya soko. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani. Hatuhitaji kwenda mbali kuamini.

Vijana wanapenda mwendo. Kuwatukana hakujawaponya. Tuliyoyaona Nairobi na kuyasikia kutoka Marekani yanatuonyesha kwamba mwendo unaweza kuwekewa uzio kama tunavyomwekea ng'ombe mkali: mahali pake, saa yake, na watu wanaoangalia. Kiwanja cha mashindano hatuna. Lakini yale yanayofanywa kabla ya kukimbia hayahitaji kiwanja.

Kwa hiyo kikundi chetu cha walimu kimeamua mambo matatu, na tunawaomba mkayazungumze kwenye vikundi vyenu kabla ya likelemba ya wiki hii. Kwanza, hatupandi pikipiki yenye abiria zaidi ya mmoja, hata kama bei ni nafuu. Pili, kabla ya kupanda tunamwomba kijana, kwa upole kama yule fundi mzee, atuonyeshe breki zinashika. Akikataa, tunasubiri nyingine. Tatu, tutachanga kidogo kidogo tununue kaske mbili za kuanzia, ziwe za kikundi, na anayeshuka Baraka aazime kama tunavyoazimana sufuria kubwa ya sherehe.

Mama wa kijana ametoa mchango wa kwanza. Unatoka kwenye fedha alizotumiwa mwezi huu. Alipotukabidhi alisema tuandike jina la mtoto wake wa kwanza ndani ya kaske, mahali ambapo anayevaa tu ndiye ataliona.

Tunawatakia wiki njema. Anayetaka kuchangia atukute shuleni baada ya masomo.